Wanasoka wa Eastlands kwenye skrini
Nchini Marekani, Jim Brown, mchezaji wa futiboli ya Kimarekani wa Cleveland Browns, aliaga uwanja mwaka 1966 akawa mwigizaji wa Hollywood. Kwa vijana wa Eastlands, Nairobi, mechi yenyewe ndiyo iliyowafikisha kwenye televisheni. McDonald Mariga na mdogo wake Victor Wanyama, wana wa Noah Wanyama aliyechezea AFC Leopards, walikulia mtaa wa Muthurwa huko Eastlands. Mariga, akiwa Inter Milan, alikuwa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi ya Mabingwa Ulaya. Picha isiyosahaulika ni ya tarehe 7 Novemba 2012: dakika ya 21, kona ya Charlie Mulgrew, Victor Wanyama, akiwa Celtic ya Scotland, anaruka juu ya mabeki na kutia kichwa wavuni. Celtic ikailaza Barcelona 2-1.

Huko Mathare, mtaa wa mabanda wa Nairobi, kamera ilishikwa na wachezaji wenyewe. Mwaka 1997 Lana Wong na Francis Kimanzi, baadaye kocha wa timu ya taifa, Harambee Stars, waliwapa vijana wa chama cha michezo cha vijana wa Mathare (MYSA) kamera za bei nafuu wapige picha za maisha yao. Mradi huo, Shootback, ulizaa kitabu mwaka 1999, na unastahili kujulikana zaidi.

Soka ilifika pia kwenye tamthilia: baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007 nchini Kenya, tamthilia ya televisheni ya The Team ilisimulia kuhusu klabu ya kubuni, Imani FC, yenye wachezaji wa makabila mbalimbali.