KABLA YA NGAO NA WINCHI: Njia ya Tunduma ilivyowafundisha madereva adabu ya uzito

Simama pale Tunduma nusu saa tu uangalie magari yanayopita. Utaona Land Cruiser mkonga limefungwa ngao nzito ya chuma, juu yake winchi, juu ya winchi taa za ziada. Linapendeza, hakuna ubishi. Lakini wadau, angalieni vizuri. Mengine yameinamisha pua kama ng'ombe anayekunywa maji. Hiyo stori haikuanza leo. Barabara hiyo hiyo ilishawapa watu somo la uzito miaka karibu 60 iliyopita, na ada yake ilikuwa kali.

Turudi nyuma. Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi ya Ian Smith kule Rhodesia ilijitangazia uhuru. Uingereza ikawawekea vikwazo vya mafuta mwezi Desemba. Rhodesia nayo ikalipiza kwa Zambia, maana mafuta ya Zambia yalikuwa yanapita kwao. Zambia ilikuwa na mwaka mmoja tu tangu ipate uhuru wake. Migodi ya shaba inataka mafuta, hospitali zinataka, na bahari iko mbali. Ndege zikaanza kubeba mapipa ya mafuta, ila ndege ina kiasi chake. Iliyobaki ni barabara: Dar es Salaam, Morogoro, Iringa, Mbeya, Tunduma, halafu unaingia Zambia mpaka ukanda wa shaba.

Usifikirie lami hii ya sasa. Sehemu kubwa ilikuwa udongo. Kiangazi vumbi linaficha gari la mbele, mvua zikianza tope linameza tairi. Waliokuwa wanaandika kwa Kiingereza wakaipa jina la Hell Run, yaani mbio za jehanamu.

Sasa piga hesabu. Pipa moja la lita 200 likijazwa dizeli linafika karibu kilo 190 pamoja na bati lake. Ukipanga mapipa 40, tayari umepita tani 7. Na kule mbele kila pipa lilikuwa linasubiriwa kwa hamu, kwa hiyo kishawishi cha kuongeza kilikuwepo siku zote.

Hapo ndipo springi inapoingia. Springi ina nafasi yake ya kushuka na kupanda. Mzigo ukiikandamiza kabla gari halijaondoka, nafasi ya kumeza shimo inabaki kidogo. Shimo likija, chuma kinagonga chuma. Kishindo kinaenda kwenye ekseli, kwenye chesisi, mpaka kwenye mikono ya dereva. Barabara ile ilikatakata springi na kuacha malori pembeni ya njia. Marais wa enzi hizo tunawajua kwa majina. Dereva aliyelala chini ya lori akibadilisha springi, na utingo aliyeweka jiwe nyuma ya tairi mlimani, vitabu haviwataji. Ila wao ndio walioibeba Zambia.

Mambo yakabadilika taratibu. Mwaka 1966 ikaanzishwa kampuni ya Zambia-Tanzania Road Services, na malori yake ya Fiat yakawa kitu cha kawaida njiani. Mwaka 1968 bomba la TAZAMA likaanza kupeleka mafuta Ndola, urefu wake kama kilomita 1,710. Lami ikaja, na reli ya TAZARA ikajengwa kuanzia 1970, reli ikakamilika 1975. Mapipa yakapungua barabarani. Somo likabaki: usiongeze uzito bila kuuliza springi.

Turudi kwenye ile mkonga. Ngao ya chuma na winchi vikiungana vinaweza kufika kilo 100 kirahisi. Watu wanasema, "Kilo 100 ni mtu mmoja na begi, kitu gani bwana?" Shida ni mahali uzito ulipokaa. Mtu anakaa katikati ya gari. Ngao inaning'inia mbele ya tairi za mbele, na hapo inafanya kazi kama mtaimbo. Chukua gari lenye mita 2.7 kati ya ekseli mbili, weka kilo 100 sentimita 80 mbele ya ekseli ya mbele. Springi za mbele zinabeba karibu kilo 130, siyo 100. Hizo 30 za ziada zimenyanyuliwa kutoka nyuma.

Kwa hiyo mbele panazama, nyuma panakuwa pepesi. Ukishika breki kwenye mteremko, pua inadumbukia zaidi na tairi za nyuma zinapoteza mshiko. Shokapu zinachoka mapema kwa sababu zinazuia uzito ambao hazikutengenezewa. Taa zinamulika karibu mno. Kwa mtu anayeshuka usiku kutoka Mbeya huku malori yamejaa njiani, hilo siyo suala la urembo tena, ni uhai.

Dawa ipo na wazee wa malori wangeielewa haraka. Pima gari kabla na baada ya kufunga. Weka springi za mbele zilizotengenezwa kwa uzito huo, na shokapu zinazoendana nazo. Vile vipande vya kuinulia gari vinainua tu, havifanyi springi iwe na nguvu zaidi. Kamba ya sintetiki iliyotengenezwa kwa ajili ya winchi badala ya waya wa chuma inapunguza kilo kadhaa. Na kama gari halijawahi kukwama topeni hata siku moja, jiulize hiyo winchi inavuta nini.

Leo malori yanayoelekea mpakani yanapita mizani, na sheria ya Afrika Mashariki iliyoanza kutumika Tanzania Machi 2019 imeweka kikomo cha tani 56. Mizani haiangalii jumla peke yake, inaangalia kila ekseli imebeba nini. Ni lile lile lililojulikana njia hii tangu enzi za mapipa: swali siyo umebeba kilo ngapi tu, ni umeziweka wapi.

Kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyepiga njia ile, muulizeni alivunja springi ngapi. Muulizeni mapema, wanazidi kupungua.