Kutoka Moraa hadi Marani

Januari 1908, Moraa, mganga na mtabiri wa Abagusii, alimchochea Otenyo kumchoma mkuki Northcote, ofisa wa kikoloni. Leo tunamwita shujaa. Miaka 100 baadaye, Mei 2008, watu 11 walichomwa moto Kisii wakiitwa wachawi. Wanane walikuwa wanawake. Oktoba 2021, kule Marani, wakauawa wamama wanne.

Sasa hebu fikiria. Hedhi ikikoma, joto hupanda ghafla, usingizi hukatika, mtu anatoka nje kupunga upepo. Lakini Kisii na Nyamira, anayeonekana nje usiku hushukiwa kuwa omorogi.

Mamako akitoka saa nane usiku, usimchungulie dirishani. Mpelekee maji, muulize: “Mama, ni lile joto tena?”