Litowa: wakulima walipojipangia wenyewe

Mwaka 1960, kikundi cha vijana wa TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, kiliingia msituni Litowa, Songea, kufungua kijiji. Chakula kikawaishia, jaribio likavunjika. Mwaka uliofuata walirudi wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga, na safari hiyo kijiji kikasimama.

Shamba lilikuwa la wote. Lilimwe kiasi gani, mahindi kiasi gani yabaki ghalani na mavuno yagawanywe vipi, hayo yaliamuliwa na wanakijiji mkutanoni. Mahindi yalikuwa ya kula, tumbaku ya kuuza. Vijiji vingine vikafuata mfano huo na kuungana katika Chama cha Maendeleo Ruvuma, ambacho kilifikia vijiji zaidi ya 15 na kumiliki mashine ya kusaga nafaka. Rais wa nchi, Mwalimu Nyerere, alivutiwa nacho. Alipotoa andiko la Ujamaa Vijijini, lililohimiza watu kuishi na kulima pamoja, Septemba 1967, aliyoyaeleza yalikuwa tayari yanafanyika Litowa.

Lakini chama cha wakulima kisichongoja maelekezo kiliwakera wakubwa. Tarehe 24 Septemba 1969, Kamati Kuu ya TANU ilikipiga marufuku na mali zake zikachukuliwa.

Kilichofuata kilikuja kwa amri. Novemba 1973 Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji vya pamoja si hiari tena. Kaya zilihamishwa, nyingine zikiacha mashamba yaliyokwisha kutayarishwa, na ukame nao ukapiga. Taifa likaagiza nafaka kwa wingi kutoka nje. Ndipo ikaja kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona, 1974/75: viwanda, ofisi na shule vikatakiwa kuwa na mashamba, na vijijini sheria ndogo zikapanga ekari za kila kaya, hasa za mihogo na mtama unaostahimili jua. Watu walilima, ila mpango haukuwa wao.

Baada ya uhaba huo, akiba ya taifa ya nafaka ilianza mwaka 1976, na tangu 2008 iko chini ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Leo Ruvuma, mkoa ilipo Litowa, ni miongoni mwa mikoa inayolisha nchi kwa mahindi, na wakala hununua huko. Hata hivyo mkulima hufika kwenye mzani akiwa muuzaji tu; bei na kiasi cha kununuliwa vimeshapangwa kwingine. Kwa hiyo mradi wowote unaojiita shirikishi uulizwe kwanza swali ambalo Litowa walilijibu wenyewe: nani anaamua magunia mangapi yabaki kijijini?