"Umeshuka?": kwa nini niliuza pikipiki ya cc 1000

Mwezi uliopita nilipeleka pikipiki yangu mpya kwa fundi wangu pale Kirinyaga Road. Akaizunguka mara moja, akaichungulia injini, halafu akaniuliza swali moja tu: "Bro, umeshuka?"

Kama wewe si mtu wa pikipiki, wacha nikueleze. Kwa miaka mitatu nilikuwa na pikipiki ya spoti ya cc 1000, silinda nne, ile ukipita nayo Thika Road watoto wa shule wanakupungia mkono. Sai niko na ya karibu cc 700, silinda mbili. Na huku kwetu cc ni cheo. Pikipiki karibu zote unazoziona barabarani ni za boda, cc 100 hadi 150, kwa hivyo mtu akipita na elfu moja anaonekana amefika mahali. Akiiuza achukue ndogo, watu wanasema mambo mawili: ama ameishiwa, ama ameogopa.

Sikumjibu siku hiyo. Jibu lenyewe ni refu na linaanzia Japani, mwaka wa 1969.

Huo ndio mwaka Honda walitoa CB750. Silinda nne, breki ya diski mbele, na bei ambayo mtu wa kawaida Marekani angeweza kulipa. Kabla yake mashine kama hiyo ilikuwa kitu cha mashindano au cha matajiri. Kawasaki wakajibu mwaka wa 1972 na Z1 ya cc 903, na kutoka hapo ikawa kila kampuni inaongeza. Shida ni kwamba injini zilikua haraka kuliko vitu vilivyozibeba. Fremu zilikuwa za chuma zinazojipinda, tairi nyembamba, breki za kuombea. Pikipiki kubwa za miaka ya 70 zilikimbia vizuri sana mbele, moja kwa moja. Kona ilikuwa hadithi nyingine.

Sasa hapa ndipo wengi wetu tunaikosea historia. Tunadhani pikipiki ya spoti ilizaliwa kwa kuongeza. Ukweli ni kwamba ilizaliwa kwa kupunguza.

Mwaka wa 1985 Suzuki walileta GSX-R750. Haikuwa na injini kubwa kuliko wenzake. Kilichoshangaza watu ni uzito: kilo 176 ikiwa kavu, fremu ya aluminiamu, nguvu ya farasi kama 100. Walichukua pikipiki ya mashindano wakaiwekea taa, basi. Na ile ya 1992, Honda CBR900RR, ambayo wengi wanaijua kama Fireblade, ndiyo inanifurahisha zaidi. Mhandisi aliyeongoza mradi ule, Tadao Baba, alikuwa anashindana na mashine za cc 1000 na 1100. Angeweza kutengeneza kubwa zaidi. Badala yake akachukua mradi ulioanza kama wa cc 750, akaufikisha cc 893, na akashikilia uzito wa kilo 185. Wapinzani wake walikuwa wazito kwa zaidi ya kilo 20. Yaani pikipiki ambayo kila mtu anaihesabu kama baba wa zile kubwa za leo, yenyewe ilikuwa imeshuka! Kwa karatasi ilikuwa na cc chache kuliko wenzake, na ikawapita kwenye kona.

Halafu tukaharibu mambo. Nasema "tuka" kwa sababu wanunuzi ndio walipiga makofi.

1998 Yamaha wakatoa R1: cc 998, farasi 150, kilo 177. Ilikuwa kazi safi ya uhandisi, shafti za giaboksi zimepangwa moja juu ya nyingine ili injini iwe fupi. Mwaka uliofuata Suzuki wakaja na Hayabusa, cc 1299, ikapita kilomita 300 kwa saa. Jina lenyewe ni la aina ya kipanga anayewinda ndege wadogo, na Honda walikuwa na pikipiki inayoitwa Blackbird. Huo ulikuwa utani wa watu wazima. Serikali za Ulaya zikaanza kunung'unika, na kampuni zikaelewana kimyakimya kwamba pikipiki zisizidi kilomita 299 kwa saa. Pikipiki hazikupunguzwa nguvu kwa ajili ya kona au kwa ajili ya breki. Ni kasi ya juu tu ilikatwa.

Kisha 2003 sheria za mashindano ya World Superbike zikabadilika, pikipiki za silinda nne zikaruhusiwa kufika cc 1000. Hilo ndilo lililotuletea elfu moja kama kipimo cha uanaume. Kampuni ikitaka kushindana ilibidi iuze hiyo hiyo madukani, kwa hivyo mtu wa kwenda kazini akajikuta anauziwa mashine iliyopimwa kwa ajili ya rubani wa mashindano. Leo elfu moja ya kampuni kubwa ina farasi 200 au zaidi. Kwa gia ya kwanza pekee inakaribia kilomita 150 kwa saa. Gia ya kwanza! Mwendo wa juu kabisa unaoruhusiwa kwa gari dogo Kenya ni 110.

Nilijua hizi namba na bado nilinunua. Kwa nini basi nikauza?

Ilikuwa Jumapili moja, tunatoka Naivasha, tumepanda hadi karibu na Uplands. Mbele yangu kuna lori la mchanga. Nikaangalia, barabara iko wazi, nikapita. Sikuhisi chochote cha ajabu. Injini ilikuwa laini, upepo wa kawaida, kichwani mwangu niko 100 hivi. Nikatupa macho kwenye dashibodi: 170, na bado nilikuwa gia ya pili. Mita kama 200 mbele kulikuwa na mama anavuka na mtoto mgongoni. Alivuka salama, sikumkaribia. Lakini nilisimama kando ya barabara pale dakika kama kumi na tano, wenzangu wakidhani nimeishiwa petroli. Kilichonitisha ni kwamba mwili wangu haukuniambia. Ile mashine ilikuwa imelala. Kwake yeye 170 ni usingizi.

Hapo nikaamua kushuka, na nikakaribia kufanya kosa lingine, ambalo nataka ulisikie kama na wewe unafikiria hivyo. Nilitaka kuchukua 600 ya spoti, silinda nne, Yamaha R6 ya zamani. Si iko katikati? Haiko. Zile 600 zilikuwa mashine za mashindano kabisa. Nguvu yake inakaa juu, kwenye mizunguko 14,000 na kitu, kwa hivyo ili uifurahie lazima uikimbize kama mwizi. Mwaka wa 2006 Yamaha walitangaza kwamba R6 inafika mizunguko 17,500, kumbe mita ndiyo ilikuwa inazidisha, ukweli ni kama 16,200. Marekani ilibidi wajitolee kuzinunua tena kwa wateja waliokasirika. Hebu fikiria, watu walitaka kurudishiwa pesa kwa sababu ya mizunguko elfu moja ambayo hawangewahi kuitumia wakienda sokoni. Na mwaka wa 2007 taasisi ya bima ya Marekani, IIHS, ilisema kiwango cha vifo vya waendeshaji wa pikipiki za aina hii ya mashindano kilikuwa karibu mara 4 ya waendeshaji wa aina nyingine. Kwenye hesabu hiyo 600 zilikuwa ndani pamoja na 1000.

Hata MotoGP wamejifunza hivyo. 2007 walishusha injini kutoka cc 990 hadi 800 ili kupunguza kasi. Waendeshaji wakaanza kuingia kona haraka zaidi. 2012 wakarudi 1000, na kuanzia 2027 wanashuka tena hadi 850. Kwa hivyo ukisema umeshuka cc, bado hujasema kitu. Swali ni nguvu inakaa wapi, na mashine ilitengenezewa nani.

Kilichotuokoa sisi wa kawaida ni mambo mawili ya Ulaya, na hakuna hata moja lililofanywa kwa mapenzi ya pikipiki. Kwanza leseni. Tangu 2013 kijana wa huko anapata leseni ya A2 inayomwekea kikomo cha kilowati 35, na pikipiki anayoipunguza nguvu isizidi kilowati 70 ikiwa kamili, yaani farasi kama 95. Pili moshi. Sheria za Euro 4 na Euro 5 ziliziumiza 600 zinazopiga kelele juu kule, na kuzirekebisha ni ghali. R6 ya barabarani iliacha kuuzwa Ulaya baada ya 2020. Nafasi ile ikajazwa na silinda mbili: Aprilia RS 660 mwaka wa 2020, Yamaha R7 mwaka wa 2021 ikiwa na cc 689 na farasi 73 tu, halafu Suzuki GSX-8R. Injini ya R7 ilianza maisha yake kwenye MT-07, pikipiki ya kwenda kazini. Nguvu iko chini na katikati, pale unapoishi.

Wapo wanaolia kwamba hizi si spoti za kweli, ni pikipiki za ofisini zimevaa jezi. Mimi naona hiyo ndiyo sifa yake. Kwenye foleni ya Waiyaki Way mapaja hayaungui. Viganja vyangu vimepona. Nikishuka Mai Mahiu natumia gia nne badala ya moja na nusu, na nikifika 100 najua niko 100.

Kuna kitu nimekosa, sitadanganya. Ule mlio ukipita mizunguko elfu kumi. Bado nikiusikia kwa mbali nageuka.

Juzi nikarudi Kirinyaga Road kubadilisha oili, na nikampa fundi hii stori yote, kuanzia CB750 hadi leseni ya A2. Akasikiliza huku anafungua nati. Nilipofika kwa Baba na zile kilo 185 akatingisha kichwa kama mtu aliyeridhika. Mwishowe akasema, "Sawa. Kwa hivyo hii ni plagi mbili tu?"

"Mbili tu."

"Kazi itakuwa rahisi. Lakini bei ya leba ni ile ile."