Wazimu na Aibu Yake katika Nchi ya Mlima Meru

Maneno ya lugha huhifadhi fikira za watu waliotangulia. Neno wazimu lina shina moja na mzimu, na mwendawazimu, kwa asili yake, ni mtu aliyeshikwa na mambo ya mizimu. Katika fikira hiyo maradhi ya akili yalimjia mtu kutoka nje yake. Hayakuwa tabia yake, wala hayakumwondolea utu. Yafaa, basi, kuuliza aibu inayomfuata mgonjwa wa akili leo ilitoka wapi, na nchi ya Mlima Meru yatoa mfano mzuri wa kulichunguza jambo hilo.

Wameru walikaa upande wa mashariki wa mlima, na Waarusha, wasemao lugha ya Kimaasai, upande wa magharibi. Miongoni mwa Waarusha laana ya wazee ilihofiwa sana, na msiba usioeleweka ulipelekwa kwa oloiboni ili chanzo chake kijulikane. Kikiisha kujulikana, dawa yake aghalabu ilikuwa upatanisho: mnyama alichinjwa, na waliogombana wakapatana. Desturi hiyo ilimweka mgonjwa katikati ya jamaa zake. Lakini ilikuwa na makali pande zote mbili, maana penye laana pana kosa, na majirani hawakukosa kuuliza ni kosa gani lililotendwa katika nyumba ile. Hata uchumba ulipotakiwa, ukoo ulichunguzwa kwanza. Kwa hiyo si kweli kwamba aibu yote ililetwa na wageni. Mbegu yake ilikuwapo.

Wageni walileta jambo jingine, nalo ni kumtenga mgonjwa. Wamishonari wawili wa Kilutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Meru mwaka 1896. Wenzao walirudi, wakaanzisha misheni ya Nkoaranga mwaka 1902 na ya Ilboru mwaka 1904. Katika mwaka huo huo wa 1904, huko Lutindi katika milima ya Usambara, makao yaliyokuwa ya watoto waliookolewa utumwani yalifanywa nyumba ya wagonjwa wa akili. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliitawala nchi, na mwaka 1927 hospitali ya wagonjwa wa akili ilifunguliwa Dodoma, ndiyo Mirembe. Karibu nayo ipo Isanga, mahali pa wagonjwa waliohusika na makosa ya jinai.

Kutoka Arusha hadi Dodoma ni zaidi ya kilomita 400. Reli iliyofika Arusha mwaka 1929 ilielekea Moshi na Tanga. Aendaye Dodoma alipita barabara ya Babati na Kondoa. Tena, sheria ya mkoloni ilimpitisha mgonjwa kwa hakimu na mikononi mwa polisi. Jirani aliyemwona mwenzake akichukuliwa na askari angewezaje kutofautisha mgonjwa na mhalifu? Na yule aliyerudi alirudi na jina. Mirembe, mahali pa tiba, pakawa tusi katika Kiswahili cha kila siku: mtu akifanya jambo la kipuuzi huambiwa apelekwe Mirembe. Mathari ya Nairobi, iliyoanza mwaka 1910, na Kidongo Chekundu ya Unguja zimepatwa na hali hiyo hiyo.

Elimu ya wakati ule nayo iliongeza dharau. J. C. Carothers, daktari aliyeisimamia Mathari, aliandika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, na humo alifananisha akili ya Mwafrika mzima na ya Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Hoja hiyo imekwisha kukataliwa na wataalamu. Lakini kwa mgonjwa wa wakati ule ilikuwa hukumu mara mbili: kwanza kwa ugonjwa wake, na pili kwa rangi yake.

Njia nyingine ilionyeshwa na Mwafrika. Huko Aro, Nigeria, tangu mwaka 1954, Dakta Thomas Adeoye Lambo aliwatibu wagonjwa huku wakikaa vijijini pamoja na jamaa zao. Tanzania huru nayo ilianzisha vijiji ambamo wagonjwa walilima na kufundishwa kazi, kama Vikuruti karibu na Dar es Salaam. Katika miaka ya 1980 huduma ya akili ilijaribiwa katika zahanati na vituo vya afya vya mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro, na Kilimanjaro ni jirani wa Meru. Mwaka 2008 Bunge lilipitisha Sheria ya Afya ya Akili, na ile iliyorithiwa kwa mkoloni ikafutwa.

Sheria hubadilika kwa siku moja. Desturi haibadiliki hivyo. Katika miteremko ya Meru ardhi ni haba, na watu hawajasahau jinsi Wameru walivyofukuzwa Engare Nanyuki mwaka 1951. Mahali kama hapo, mtu aliyeitwa kichaa aweza kupoteza neno lake katika baraza la ukoo, na pamoja na neno hilo fungu lake la shamba. Ndiyo sababu jamaa humficha mgonjwa wao, wakichelewa kumpeleka hospitali mpaka maradhi yamekomaa. Na watu wakimwona katika hali hiyo huamini kwamba wazimu hauponi. Hivyo aibu huzaa ushahidi wake wenyewe. Wazee walisema kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Lakini aliyeficha alikuwa na sababu ya kuogopa, na sababu hiyo ilikuwa mikononi mwa majirani zake.