Kipimo cha figo kilichouliza rangi ya mgonjwa

Mwaka 2026 chimbuko la kipimo cha kreatinini linatimiza miaka 140. Ni Max Jaffe, huko Königsberg mwaka 1886, aliyetia asidi ya pikriki na alkali kwenye mkojo akaona kreatinini ikigeuza umanjano kuwa wekundu. Otto Folin, Marekani, akaifanya rangi hiyo kuwa kipimo mwaka 1904, na baadaye damu ikapimwa vilevile. Kreatinini ni taka ya misuli. Figo zikichoka, inajazana damuni.

Mwaka 1976 Cockcroft na Gault wa Kanada wakatoa kanuni ya kukadiria nguvu ya figo, waliyoipata kwa wagonjwa 249, karibu wote wanaume.

Ugomvi ulizuka baadaye. Kanuni ya Marekani ya mwaka 1999 iliamuru jibu la mtu mweusi lizidishwe kwa 1.18, na ile ya 2009 kwa 1.159. Hoja ilikuwa kwamba weusi wana misuli mingi. Misuli ya nani? Ya mchukuzi wa bandarini au ya bibi wa miaka 80? Hakuna aliyeulizwa. Chukua mgonjwa wa wakati huo ambaye kanuni ya 2009 ilimpa nguvu ya figo ya 18. Akiwa mweupe, aliingia foleni ya kupandikizwa figo, kwa sababu mpaka ulikuwa 20 kushuka chini. Akiwa mweusi, 18 yake ilipanda hadi 20.9, akaambiwa asubiri.

Watafiti wa Kinshasa na Abidjan waliamua kupima wenyewe. Utafiti wa Justine Bukabau na wenzake, uliotoka 2019, ulionyesha kwamba nyongeza hiyo haiwafai Waafrika. Huko Marekani wataalamu wa figo walipendekeza ifutwe mwaka 2021, na mwaka 2023 hospitali za upandikizaji zikatakiwa kuwarudishia wagonjwa weusi muda waliopunjwa.

Kwetu mjadala huo ulipita kimyakimya, ilhali tuna tatizo kubwa zaidi. Mtu aliyekondeshwa na kifua kikuu au njaa ana misuli kidogo, hivyo kreatinini yake huwa chini hata figo zikiwa taabani. Utafiti wa Malawi, Uganda na Afrika Kusini uliochapishwa 2022 ulikuta kwamba kipimo hiki kinaficha wagonjwa wengi. Karatasi ya maabara itaandika “kawaida”, na daktari mwenye foleni ndefu mlangoni hataona sababu ya kuuliza mgonjwa amepungua kilo ngapi.