"Explain me": Kosa la mwanafunzi lina historia ndefu

Juma lililopita mpwa wangu wa gredi ya nane aliniletea daftari lake la Kiingereza. Alikuwa ameandika "The teacher explained me the question", na mwalimu akaipitishia kalamu nyekundu na kuandika pembeni kwamba hiyo ni tafsiri ya Kiswahili. Kijana hakuridhika. "Sasa anko, mbona 'told me' ni sawa na 'explained me' si sawa? Si mtu amenieleza tu?"

Nilitaka kumjibu kwamba ndivyo Waingereza wasemavyo, nikaona haya. Mimi mwenyewe, nilipokuwa na umri wake, nilichapwa viboko viwili kwa kosa hilo hilo na hakuna aliyenieleza chochote. Jibu lipo, ila linaanzia mbali kidogo.

Kiingereza cha Kale, kile kilichozungumzwa kabla Wanormani hawajaivamia Uingereza mwaka 1066, hakikutegemea sana vihusishi kuonyesha nani anapewa kitu. Nomino zenyewe zilibadilika mwishoni. Mfalme aliitwa "cyning". Ukimpa kitu, anageuka kuwa "cyninge". Viwakilishi navyo vilikuwa hivyo. "Hine" alikuwa yule anayeonwa au anayepigwa, na "him" yule anayepewa au anayeambiwa. Kwa istilahi zetu, shamirisho kipozi ilikuwa na umbo lake, na shamirisho kitondo lake. Mpokeaji alitambulika kwa sura, hata akitajwa kabla ya kitenzi, na mara nyingi hakuhitaji "to" ya kumsindikiza. Sisi tunaibeba habari hiyo ndani ya kitenzi: tunaandika, kisha tunamwandikia mtu. Wao waliibeba kwenye mkia wa neno.

Mikia hiyo ikaanza kuliwa. Mkazo wa Kiingereza uliegemea mwanzo wa neno, kwa hiyo irabu za mwisho zilizidi kufifia kinywani. Kaskazini na mashariki mwa nchi, Waingereza waliishi pamoja na walowezi kutoka Skandinavia ambao maneno yao yalishabihiana na ya wenyeji kwenye mashina na kutofautiana kwenye miisho. Wataalamu wengi wanaona kwamba mchanganyiko huo uliharakisha mambo. Ukisoma tarehe za watawa wa Peterborough, ambazo ziliendelea kuandikwa hadi mwaka 1154, unaiona miisho ikiporomoka karibu mbele ya macho yako. "Hine" polepole akatoweka, na "him" akarithi kazi zote mbili.

Mtu mmoja akishika vyeo viwili, lazima kitafutwe kitu cha kuonyesha leo amekuja kwa cheo gani. Kiingereza kilikuwa na "to" tangu kale, hasa baada ya vitenzi vya kwenda na vya kusema. Sasa kihusishi hicho kikapandishwa daraja. Ndiyo sababu leo kuna njia mbili. Unaweza kusema "give me the book", na hiyo "me" isiyo na kihusishi ni mabaki ya uhusika wa kale. Au unasema "give the book to me", ambapo kirai kihusishi kinafuata kitenzi na shamirisho yake. Mabaki mengine yamejificha hadharani. Katika "methinks", "me" si mtenda. Maana yake ni "huonekana kwangu", jambo ambalo Mwingereza wa leo hulisema kwa kirai kizima: "it seems to me". Na anayelia "woe is me" hasemi kwamba yeye ndiye ole. Anasema ole wangu!

Turudi kwa kijana wangu. "Tell", "give" na "send" ni vitenzi vya kienyeji, vilikuwepo enzi za mikia, vikabaki na njia zote mbili. "Explain", "describe" na "suggest" asili yake ni Kilatini, na viliingia Kiingereza baada ya "to" kushika hatamu. Vikazoea njia moja tu: "explain it to me", "describe it to me". Lakini asili peke yake haitoshi kueleza kila kitu, kwa sababu "pay" na "promise" pia ni vya kigeni na bado tunasema "pay me", "promise me". Sikiliza mkazo. "Pay" ni silabi moja, na "promise" mkazo wake uko mwanzoni, kama vitenzi vya kienyeji. "Explain" na "suggest" mkazo wake uko mwishoni. Kanuni hii ina matundu, maana "allow me" inapita bila shida, lakini ni afadhali mara mia kuliko kiboko.

Mwalimu hakukosea kuhusu Kiswahili. Katika "alinieleza", kiwakilishi kimekaa ndani ya kitenzi na hakidai kihusishi. Kinachonikera mimi ni safari ya kurudi. Enzi za ukoloni, walowezi wa bara walizungumza Kiswahili chao, Kisetla, kilichofikia hadi kuandikiwa kitabu, "Up-Country Swahili" cha F. H. Le Breton, mwaka 1936. Humo mwa Kisetla viwakilishi vilichomolewa kwenye vitenzi na kusimamishwa peke yake: letea mimi maji. Tuliwacheka sana. Leo nasikia watu wazima, wengine wakiwa na shahada, wakisema "nitapeana kitabu kwake", "alieleza kwa sisi", "ongea kwangu". Nitampa kitabu. Alitueleza. Zungumza nami. Hata hilo "peana" limepokonywa maana yake, kwani kwa asili watu wawili hupeana, kama mikono. Kiingereza kilikimbilia kihusishi baada ya kupoteza miisho. Sisi kauli ya kutendea ingali mzima kabisa na hatujaishiwa na chochote.

Kijana alisikiliza yote haya akitafuna kalamu, kisha akaandika upya: "The teacher explained the question to me."

"Na watu wengi wakianza kusema 'explain me', si itakuwa sawa?"

Nilimwambia huenda, baada ya miaka mia mbili, ila mtihani wa gredi ya tisa hautamngoja.